Bunduki ya kwanza ya kuwindia: kwa nini nilichukua .30-06 na kuiacha .375

Ushauri mwingi wa bunduki ya kwanza ya kuwindia unaozunguka kwenye simu zetu umetoka Marekani. Kule, katika majimbo mengi, mtu anaingia dukani asubuhi, anajaza fomu, anahakikiwa hapo hapo, na akiwa hana doa anaweza kutoka na bunduki yake kabla ya chakula cha mchana. Isipomfaa, mwakani anaiuza na kuchukua nyingine. Ndiyo maana wanabishana kwa raha mustarehe kuhusu kaliba, yaani upana wa risasi: .243 Winchester kwa anayeogopa teke la bunduki begani, 6.5 Creedmoor kwa anayependa kupiga mbali, .308 kwa asiyetaka kuumiza kichwa. Nimeyasikiliza sana mabishano hayo na mengi ya kitaalamu nimeyapata humo. Ila kuchagua hayakunisaidia.

Kwetu Tanzania mambo yanaanzia kwingine. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huwezi kununua kwanza ukaomba ruhusa baadaye, na kila silaha ina leseni yake. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, kwa watu wanaokujua ulivyo, ukiwa umelewa na ukiwa hujalewa. Yanapanda kata, yanafika polisi wilayani, yanapita kamati ya ulinzi na usalama, yanakwenda mkoani, mpaka kwa msajili wa silaha. Kuna alama za vidole, kuna cheti cha kuonyesha umefundishwa. Silalamiki, silaha si baiskeli. Ninachosema ni kwamba mtu aliyepita njia hiyo hawezi kusema "nitaijaribu hii, ikinishinda nitachukua nyingine". Ile ya kwanza huenda ukakaa nayo peke yake miaka mingi, na hapo ndipo swali la kaliba linapopata uzito ambao Mmarekani hana haja ya kuufikiria.

Kuna na sheria ya pili, ya wanyamapori. Tanzania imeweka kiwango cha chini cha .375 kwa wanyama hatari kama nyati. Chini ya hapo, hata uwe na shabaha ya malaika, huruhusiwi kumnyooshea nyati mtutu. Bunduki zinazojipakia zenyewe hazitakiwi kwenye uwindaji; kupiga usiku au ukiwa ndani ya gari ni kosa. Kwa hiyo kabla hujafungua ukurasa wa kwanza wa majarida ya bunduki, sheria imeshakuchagulia nusu ya jibu: raifo ya bolti, ya kuvuta na kusukuma kwa mkono, na kaliba yake itategemea kama unataka nyati au hutaki.

Hapo ndipo mimi na mjomba wangu tulipogawanyika.

Mjomba ni askari wanyamapori mstaafu. Amefanya kazi ya kufukuza tembo mashambani enzi ambazo idara ilikuwa bado na .404 za wakati wa Mwingereza, baadaye wakapewa .458 Winchester, risasi iliyotoka mwaka 1956 ikasambaa Afrika nzima mikononi mwa watu wa kazi yake. Alipostaafu akajinunulia .375 H&H ya Brno, ile ZKK 602 ya Chekoslovakia, nzito, mbao nyeusi kwa jasho na mafuta. Kwake bunduki ya kuwindia ni hiyo, nyingine zote ni za kutishia nyani. Nilipokwenda kumsalimia na kumweleza kwamba nataka kuanza safari ya leseni, hakuniuliza nina hela kiasi gani wala nitawinda wapi.

"Chukua .375, mjomba. Utapiga nayo kila kitu, kuanzia swala mpaka nyati. Leseni moja, bunduki moja, umemaliza."

Na hoja yake si ya kubeza. Holland & Holland wa London waliitoa risasi hiyo mwaka 1912, na kwa zaidi ya miaka mia moja imebaki ndiyo jibu la kawaida la mtu anayetaka bunduki moja tu barani Afrika. Kichwa chake, ile sehemu inayoruka, cha greni 300, yaani karibu gramu 19 na nusu, kinatoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Ajabu yake ni kwamba mpaka mita 200 kinapita karibu njia ile ile ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180, kwa hiyo mtu hapotezi shabaha ya mbali kama wengi wanavyodhani. Hata nyama haiiharibu kama jina lake linavyotisha. Kichwa kizito kinachokwenda kwa utaratibu kinatoboa na kupita. Ni vile vyepesi vya kasi kubwa vinavyopasukia begani kwa mnyama wa karibu na kukuachia sufuria ya damu iliyoganda. Mjomba ameshakula mapaja na mabega ya swala waliopigwa kwa .375, na alinihakikishia hakuna alichotupa zaidi ya kiganja.

Mimi nilianza na swali jingine: nitapiga nini hasa? Ninakaa Tabora. Nikipata leseni ya uwindaji wa wenyeji na nafasi ikawepo, ninakokwenda ni kusini, Sikonge na kuendelea, kwenye miombo. Humo kuna kongoni, ngiri, tohe, pongo, nsya, swala pala kwenye mbuga za pembeni, na ukibahatika sana, korongo au palahala. Nyati wapo, lakini leseni yake ni nyingine na gharama yake ni nyingine. Niliposikiliza wawindaji wenzangu waliokuwa na .375 wakisimulia misimu yao, nikagundua kwamba hadithi zao za nyati zilikuwa zile zile kila mwaka, nyama yao ya kila mwaka ilikuwa ngiri na kongoni. Kongoni dume ana kilo mia moja na kitu. Ni mbishi wa kufa, wawindaji wote wanajua, lakini si mnyama wa kuhitaji bunduki ya nyati.

Mnyama pekee aliyenitia shaka ni pofu. Dume lake linaweza kufika kilo 900, mzito kuliko nyati, ingawa si mkali. .30-06 yenye kichwa kizuri inamwangusha ikipita mahali pake, lakini hapo hakuna cha ziada cha kukusamehe. Nilijiambia pofu nitampiga akiwa karibu, amesimama ubavu, au nitamwacha aende. Mpaka leo naishi hivyo.

Jambo la pili lilikuwa risasi zenyewe, na hili ndilo ningemwambia kila mtu alitangulize. Kabla hujaipenda kaliba, nenda dukani ukaulize risasi. Usiulize kama wanaweza kuagiza. Uliza zipo kwenye rafu leo, za uzito gani, na mwaka jana zilikuwepo? Maduka ya silaha yaliyosajiliwa si mengi, na ukitoka miji mikubwa unaweza kusafiri siku nzima usilione. 6.5 Creedmoor ni risasi nzuri, imetoka mwaka 2007, haina teke, inakwenda mbali. Nilipoiulizia, muuzaji alinitazama kama niliyeomba dawa ya mapenzi. .270 ilikuwepo kidogo. .30-06 ilikuwepo, na .375 ilikuwepo, kwa sababu watalii na kampuni za uwindaji wanazitumia hizo. Kati ya hizo mbili, boksi la .375 lilikuwa na bei ya kumfanya mtu afikirie ada ya shule.

Na bei hiyo ina maana kubwa kuliko mfuko. Mtu anayenunua boksi moja la risasi kwa mwaka, akazitunza kabatini zisiishe, hafanyi mazoezi. Nimewaona. Wana bunduki ya thamani, wamepiga nayo risasi tano tangu wainunue, tatu za kujaribu na mbili za kukosa.

Mjomba hakubishana nami kwa maneno. Aliomba ruhusa kwa watu wa uwanja wa shabaha, tukaenda na .375 yake na .30-06 ya rafiki yake mmoja aliyefuatana nasi na leseni yake mfukoni. Tukaweka karatasi mita 50. Akanikalisha chini, akaniambia nisiangalie anapopakia. Wakati mwingine aliweka risasi nzima, wakati mwingine ganda tupu lililokwisha kupigwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kulenga na kufyatua, nisijue kipi kimo ndani.

Kwa .375, risasi ya kwanza ilinisukuma bega kama mtu anayetaka kupita mlangoni kwa nguvu. Haikuuma kama nilivyotishwa. Ya pili vile vile. Mara ya tatu kilisikika "ka" tu, ganda tupu, na mdomo wa mtutu ukazama chini wazi wazi, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umeshajikaza kulipokea teke ambalo halikuja. Rafiki yake akacheka, mjomba hakucheka. Akaniambia, "Hapo ungempiga mguu." Tukarudia. Mtutu ukazama tena. Tulipobadilisha, kwa .30-06 mtutu ulitikisika kidogo mwanzoni, halafu ukatulia. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, hata kama bunduki yenyewe ni nzito zaidi. Mtu mzoefu anajifunza kuishi nalo. Anayeanza anafundishwa nalo kuogopa, na woga huo ukishaingia kwenye kidole hautoki kwa kuambiwa.

Nadhani ni siku hiyo mjomba alipoacha kunishawishi. Alisema tu, "Basi chukua hiyo, lakini usije ukaniambia umekutana na nyati."

Watu wa kaliba ndogo hupenda kumtaja Bell, yule Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ya 7 mm ya Mauser wa Ujerumani ambayo leo wengine wanaiona ya swala. Ni kweli. Lakini wanaomtaja husahau kusema kwamba alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, kwamba alitumia risasi ngumu zisizopasuka, na kwamba alijizoesha sana kulenga na bunduki yake. Ukiwa na vitu hivyo vitatu, kaliba yoyote itakutii. Mimi nilikuwa na nafasi ya kupata kimoja tu, mazoezi, na nacho kwa bei ya .30-06.

Niseme kidogo kuhusu majina ya risasi, maana yanachanganya na yanaweza kuumiza. .30-06 maana yake ni upana wa inchi .30 na mwaka 1906, Jeshi la Marekani lilipoipitisha. .308 Winchester ilikuja mwaka 1952, ina kichwa cha upana ule ule kabisa lakini ganda fupi, milimita 51 badala ya 63. Mtu anaweza kuziona mezani akadhani ni ndugu, na kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, si ndugu hata kidogo. Risasi unayonunua isomwe kwenye kitako cha ganda, na maandishi yale yafanane na yaliyochongwa kwenye mtutu wako, herufi kwa herufi. Muuzaji akikuambia "zinaingiliana", muage.

Kisa kingine cha majina ni 9.3x62. Hii ina historia ya kwetu: fundi wa Berlin, Otto Bock, aliitengeneza mwaka 1905 akiwalenga Wajerumani waliokuwa kwenye makoloni ya Afrika, watu waliotaka risasi inayoingia kwenye bunduki ya Mauser ya kawaida, ya bei nafuu, na bado inaweza kumzuia mnyama mkubwa. Mpaka leo kuna wanaoiapia, na kwa kazi ya porini haiko mbali na .375. Ila 9.3 mm ni inchi .366. Kwenye kipimo cha sheria haifikii .375, na askari wa wanyamapori anayekagua leseni yako hatapima ushujaa wa historia. Kama unataka kaliba ya kati kwa ajili ya nyati hapa nchini, usijisumbue na iliyokaribia.

Bunduki yenyewe niliipata ikiwa imetumika: Brno ZKK 600, dada mdogo wa ile ya mjomba, ya familia iliyokuwa inagawana mirathi na hakuna mtoto aliyeitaka. Uhamisho ulipita polisi, ukachukua muda wake. Kabla sijakubali chochote nilikaa nayo na mjomba karibu nusu siku, mezani, juani, na ninaamini nusu siku ile ilinisaidia kuliko majarida yote.

Kwanza tulilinganisha namba. Namba ya mwili, namba ya bolti, na iliyoandikwa kwenye leseni ya marehemu lazima ziwe moja. Isipolingana hata tarakimu moja, mazungumzo yameishia hapo, si kwa sababu ya ubora, ni kwa sababu utakayekamatwa nayo ni wewe. Bolti ya bunduki nyingine iliyopachikwa huenda isikae sawasawa na chemba, na ganda likapasukia usoni kwako.

Halafu mtutu. Tukatoa bolti, tukaelekeza mdomo kwenye mwanga. Mifereji ya ndani iwe na kingo kali zinazong'aa kama uzi uliovutwa. Tabora hatuna unyevu wa pwani, lakini bunduki nyingi za zamani zimeharibiwa na mtu aliyepiga, akarudisha kabatini bila kusafisha, masika ikaja. Vidoa vidogo vya kutu si msiba. Kutu iliyokula karibu na chemba ni msiba. Mdomo wa mtutu tuliuangalia peke yake kwa kioo cha kukuzia: ukiwa na pengo au umelika upande mmoja kwa sababu ya kusafishwa kwa waya kutoka mbele, risasi inatoka ikiwa imeshasukumwa kando.

Mbao. Mjomba alivua kitako kizima. Nyuma ya chuma, pale kiganja kinaposhika, ndipo teke linapopasua ubao kwa miaka. Ufa mwembamba kama unywele unafichwa na mafuta. Akapaka petroli kidogo, ikikauka ufa unabaki na unyevu na unaonekana. Ya kwangu ilikuwa nzima. Ya kwake, alinionyesha siku hiyo hiyo bila aibu, ilikuwa na ufa unaoanza.

Kuna jambo moja la Mauser na watoto wake kama Brno ambalo watu wa zamani wanalipenda na mimi nimelipenda. Kucha kubwa ya pembeni ya bolti inalishika ganda mara tu linapotoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya bunduki, kabla halijaingia chemba, na hailiachi mpaka litupwe nje. Ukivuta bolti nusu kwa hofu kisha ukasukuma tena, risasi ya pili haiendi kugonga ya kwanza. Kwa swala haina maana kubwa. Kwa mnyama anayekujia ina maana yote.

Kitako kikiwa kirefu kuliko mkono wako utakikwamisha kwenye nguo unapoinua. Kikiwa kifupi, dole gumba litakupiga pua. Nilifumba macho, nikainua bunduki begani, nikafumbua. Jicho likakuta vilenga vimekaa katikati bila mimi kusogeza shingo. Hiyo ndiyo dalili niliyoambiwa niitafute, na sijaona mahali ilipoandikwa vizuri zaidi ya hivyo.

Darubini niliiongeza baadaye, ya kukuza mara nne tu. Watu huchukua zile za mara kumi na sita kwa sababu zinaonekana za kisasa. Miombo si jangwa. Mnyama unamwona mita 60, mita 100, akiwa nyuma ya shina na majani, na darubini yenye nguvu kupita kiasi inakuonyesha gome la mti kwa ufasaha wa ajabu huku mnyama akiondoka. Muhimu zaidi ni umbali kati ya jicho na kioo. Kwa .30-06 uache vidole vinne, usije ukarudi nyumbani na alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi. Wawindaji wengi wanayo. Hujifanya ni kovu la utotoni.

Kuilenganisha nilifuata kanuni rahisi: kwa greni 180, risasi zigonge sentimita 5 juu ya alama kwenye mita 100. Zikigonga hapo, zitakuwa kwenye alama karibu na mita 180, na hutahitaji kukisia chochote ndani ya umbali unaostahili kupiga. Zaidi ya hapo zinaanza kudondoka kwa haraka, na mimi zaidi ya mita 150 sipigi kabisa. Nilinunua maboksi yote ya mwanzo ya chapa moja na namba moja ya utengenezaji, kwa sababu ukibadilisha risasi, bunduki ile ile inahamisha alama. Nilichukua softi, yaani zenye ncha laini inayochanua ndani ya mnyama. Solidi, zile ngumu zisizopasuka, ni za nyati na tembo. Kwa kongoni zinatoboa tundu la kalamu na kumwacha akimbie nalo kilomita.

Baada ya hapo nilipiga shabaha nikiwa nimesimama, nimepiga goti, nimeegemea fimbo tatu zilizofungwa juu kwa kamba ya mpira. Mezani kila mtu ni bingwa. Porini hakuna meza, kuna mbung'o shingoni wakati unashusha pumzi, na huwezi kumpiga kofi kwa sababu kongoni wa pembeni anakutazama.

Kongoni wangu wa kwanza alikuwa kati ya mita 80 na 100, amesimama juu ya kichuguu, jambo wanalolipenda. Askari aliyetusindikiza aliweka fimbo, mimi nikasubiri ageuze ubavu. Watu hulenga nyuma ya bega kwa sababu picha za kulungu wa Ulaya na Marekani zinawafundisha hivyo. Wanyama wetu moyo na mapafu yao vimekaa mbele zaidi, katikati ya mabega, na chini. Unafuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi ya chini ya kifua, hapo hapo. Nikasema bismillahi, nikafyatua. Aliruka, akakimbia na wenzake kana kwamba hakuna lililotokea, na mimi nikahisi tumbo limeniingia baridi. Askari akasema, "Subiri, amepata." Tulisubiri. Tulimkuta mbele kidogo, amelala ubavu, damu ya mapovu mepesi kwenye nyasi njia nzima. Hiyo ni damu ya mapafu. Yule mwenye kisu alishamkimbilia kumchinja, maana Tabora nusu ya majirani hawagusi nyama isiyochinjwa, na kuwinda nyama usiyoweza kuigawa ni kazi bure.

Tulipomchuna nikaangalia njia ya risasi kwa muda mrefu kuliko wenzangu walivyotaka. Iliingia tundu dogo, ikapasua mapafu yote mawili, ikavunja ubavu wa upande wa pili na kukaa chini ya ngozi, imechanua kama uyoga, imebaki na sehemu kubwa ya uzito wake. Sidhani kama .375 ingemwua zaidi ya vile.

Nilichokuja kukipata kwa kukaa na bunduki moja ni kuzijua tabia zake. Najua risasi ya kwanza kwenye mtutu wa baridi inakwenda kulia kidogo. Najua kifyatulio chake kinaachia baada ya kuvutwa kwa urefu gani. Vitu hivi havinunuliki, na mwenye bunduki kubwa anayoiogopa hachelewi tu kuvipata; mara nyingi havipati kabisa, kwa sababu kila risasi ni gharama na kila risasi inamwuma. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, namjibu kwa swali: msimu uliopita ungepiga nini, si ndotoni, kwa leseni ambayo ungeilipia? Akisema nyati bila kusita, na hela anayo, na bega analo, nitamwambia achukue .375 tangu mwanzo na atenge risasi nyingi za kujifunzia. Akianza kueleza, namwambia .30-06. Nikimwona ni mwembamba au ana bega bovu na atawinda tohe na ngiri tu, .270 ingemfaa, ikiwa tu dukani zipo.

Mjomba sasa macho hayako vizuri na ameacha kwenda. Mwaka huu tumeanza maombi ya kunihamishia .375 yake, mimi nikiwa na sababu ya kuandika kwenye fomu: nina silaha moja ya wanyama wa kawaida, hii ni kwa ajili ya nyati, kama sheria inavyotaka. Mtaa umepitisha, kata imepitisha, barua iko wilayani. Ule ufa wa kitako tumeupeleka kwa fundi aliyeidhinishwa. Ameuziba kwa gundi na kuongeza chuma cha pili cha kupitisha ubaoni, nyuma ya magazini, ili teke lisiendelee kuupasua. Risasi za greni 300 nimeshaziulizia. Zipo.